Matandazo dhidi ya wadudu wa mboga: kuchagua, kutandika na kutunza

Wakulima wengi wa mboga hutandika nyasi au nailoni wakiwa na mambo mawili kichwani: unyevu na magugu. Wadudu hawamo kwenye hesabu. Ndiyo maana utakuta shamba limetandikwa vizuri, udongo una unyevu, magugu hayaonekani, na bado vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wamejazana kwenye machipukizi. Au mbaya zaidi, matandazo yenyewe yamegeuka makazi ya konokono na sota, wale viwavi wanaokata miche usiku.

Matandazo yanaweza kupunguza wadudu kwa kiasi kikubwa, ila si kila tandazo linafaa kwa kila mdudu, wala si kila wakati. Mtazame mdudu kwanza, ndipo uchague cha kutandika. Halafu uwahi. Sehemu kubwa ya faida hupatikana kabla mdudu hajatua kwenye mmea, katika wiki zile za mwanzo miche ikiwa bado midogo na udongo mwingi uko wazi. Ukitandika baada ya wadudu kuingia, utapata unyevu na kuzuia magugu. Wadudu utabaki nao.

Kwanza, mdudu anauonaje mmea wako

Nisingependa uruke sehemu hii, maana maamuzi yote yanayofuata yanatoka hapa.

Kidukari mwenye mabawa hana nguvu za kuruka kinyume na upepo. Hubebwa tu, na anapotaka kushuka hutegemea macho: mwanga wa anga humwambia juu ni wapi, rangi ya majani humwambia pa kutua. Anga hutoa miali mingi ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni lakini ya wadudu wengi huiona. Udongo na mimea huakisi kidogo sana miali hiyo. Kwa hiyo ukitandika chini kitu kinachoirudisha juu, kidukari, nzi weupe au thiripi (kadudu kembamba kama kijiti kanakokwaruza majani na maua) anayekaribia hukuta "anga" iko pande zote mbili. Wengi hupotea uelekeo na kupita bila kutua.

Rangi nayo ina mchango wake. Mwaka 1951 mtafiti Mjerumani Volker Moericke alieleza jinsi vyombo vya njano vyenye maji vinavyonasa vidukari, na hadi leo mitego ya aina hiyo inatumika. Njano na kijani cha majani machanga huwavuta. Mwaka 2000 Stan Finch na Rosemary Collier wa Uingereza walichapisha maelezo yao kuhusu wadudu wa jamii ya kabichi: mdudu anayetafuta pa kutaga hutua kwenye chochote cha kijani na hukwepa kutua kwenye udongo wa kahawia. Hapo ndipo wakulima nadhifu tunapoumia. Shamba lililopaliliwa hadi likabaki udongo mtupu linaufanya kila mche uonekane kama taa gizani. Mdudu hana kingine cha kijani cha kutulia isipokuwa mmea wako. Tandazo la nyasi lenye rangi ya kung'aa hupunguza tofauti hiyo kati ya mche na ardhi; mmea mwingine wa kijani uliopandwa chini humpotezea mdudu muda kwa kumtulisha mahali pasipo na chakula chake.

Jambo la tatu ni virusi. Chukua kioo cha kukuzia umwangalie kidukari aliyetua sasa hivi kwenye jani la tango. Anatembea hatua chache, anasimama, anainamisha mdomo wake mwembamba na kuuchoma juujuu kwenye ngozi ya jani. Anaonja. Kama ladha haimridhishi, anaondoka. Kazi hiyo huchukua chini ya dakika moja, na inatosha kabisa kuacha virusi vya ubatobato alivyotoka navyo kwenye mmea mwingine. Dawa ya wadudu haiwezi kumwahi. Itamuua, lakini akiwa ameshaambukiza. Kwa virusi vya namna hii, kumzuia asitue kuna maana kuliko kumuua. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kutumia matandazo yanayoakisi kwenye matango, maboga, matikiti na pilipili.

Hatua ya 1: Jua unapambana na nani

Wiki mbili kabla ya kupanda, weka beseni la njano shambani. Tia maji hadi nusu, ongeza matone machache ya sabuni ya maji ili mdudu akigusa azame, na liinue lifikie kimo ambacho miche itakuwa nacho. Litazame kila asubuhi. Vidukari wenye mabawa, nzi weupe na baadhi ya thiripi wataonekana wakielea. Kwa thiripi, chombo cha bluu pia hufanya kazi nzuri. Beseni halipunguzi wadudu, usije ukaweka ishirini ukidhani umepata tiba. Kazi yake ni kukupa habari.

Halafu ukumbuke msimu uliopita. Nini kilikusumbua zaidi? Usijibu kwa jumla kwamba ni "wadudu". Jiulize wanaingiaje shambani na wanamalizia wapi ukuaji wao, kwa sababu matandazo hugusa sehemu hizo mbili.

Wapo wanaofika kwa kuruka na kutua juu ya mimea michanga: vidukari, nzi weupe, thiripi, na mende wadogo (mbawakavu, si mende wa nyumbani) wanaokula majani ya matango. Hawa ndio wanaodhibitika vizuri zaidi kwa matandazo yanayoakisi mwanga.

Wapo ambao mabuu yao yakishiba huanguka chini na kuingia kwenye udongo ili yawe pupa. Thiripi wengi wamo, vidomozi wanaochora njia nyeupe zilizopindapinda ndani ya jani wamo, nzi wa matunda wamo, na kantangaze wa nyanya pia, ingawa yeye hugeuka pupa hata ndani ya majani. Nailoni iliyofunika udongo huwazuia kuufikia. Buu aliyeanguka juu ya plastiki yenye joto hukauka au huliwa na siafu. Lakini usijidanganye. Nzi wa matunda na kantangaze wakubwa huruka kutoka mashamba mengine, kwa hiyo nailoni yako peke yake haitawamaliza. Kuokota matunda yaliyooza na kuyafukia kwa kina au kuyafungia kwenye mfuko juani kuna uzito zaidi.

Kundi la tatu ni wale wanaoshinda chini na kupanda usiku: sota wanaokata miche, konokono, nyenje. Kwa hawa matandazo ya nyasi ni karibisho. Kama msimu uliopita ulipoteza miche mingi kwa sota, usitandike nyasi kabla miche haijakomaa shina.

Viwavi wa kabichi, wale wa nondo mgongo-almasi, hawamo katika makundi haya matatu. Nailoni ya fedha haiwatishi kwa kiasi cha kutegemewa. Kwao tegemeo ni matandazo hai, yaani mimea mifupi inayooteshwa kati ya mboga, na hata hayo hupunguza tu.

Hatua ya 2: Chagua tandazo

*Nailoni ya rangi ya fedha.* Ndiyo yenye nguvu zaidi dhidi ya vidukari, nzi weupe na thiripi. Iliyo bora imepakwa alumini kabisa na inang'aa karibu sawa na kioo. Ile ya kijivu iliyochanganywa rangi tu huakisi kidogo. Nunua yenye fedha upande mmoja na weusi upande wa pili: fedha hutazama juu, weusi chini huzuia mwanga ili magugu yasiote. Inashangaza ni mara ngapi imetandikwa kichwa chini kwa sababu mtu aliona weusi ndio "upande wa nje".

*Nailoni nyeupe.* Wengi huifikiria kuwa mbadala wa fedha kwa vile inang'aa machoni. Inang'aa kwetu. Rangi nyeupe inayotumika kwenye plastiki kwa kawaida ni ya titani, na hiyo hunyonya miali ya urujuanimno badala ya kuirudisha. Ni nzuri kwa kupoza udongo kwenye joto kali; kufukuza wadudu si kazi yake.

*Nailoni nyeusi.* Hupasha udongo, huua magugu, huzuia mabuu kuingia ardhini. Kwa mdudu anayeruka haina tofauti kubwa na udongo mtupu.

*Nailoni ya njano au bluu.* Iache, isipokuwa unajua hasa unachokifanya. Njano huwaita nzi weupe na vidukari, bluu huwaita thiripi.

*Nyasi kavu, mabua ya mpunga au ya ngano.* Hapa ndipo ninapopenda kuwashauri wengi waanzie, hasa wenye eneo dogo. Mabua makavu yenye rangi ya dhahabu iliyofifia huakisi mwanga kiasi, hufuta ile tofauti kati ya mche na udongo, na kwa vidukari kwenye maboga na viazi yamepunguza maambukizi ya virusi katika majaribio ya mashambani. Kwenye vitunguu hupunguza thiripi. Faida nyingine nailoni haina kabisa: yanatunza buibui na mende wawindaji, wale weusi wanaokimbia kasi ukifunua nyasi. Hao hula mayai, mabuu na vidukari walioanguka, usiku kucha, bila malipo.

Kwa nyasi, chunguza zilikotoka. Zikatwe kabla hazijatoa mbegu, la sivyo utapanda magugu kwa mikono yako. Usitumie mabua ya nyanya kwenye nyanya wala ya pilipili kwenye biringanya. Yote ni jamii moja na yanaweza kubeba wadudu na magonjwa yale yale. Na kama nyasi zimetoka kwenye malisho au shamba lililopuliziwa dawa ya kuua magugu ya majani mapana, kuwa mwangalifu sana, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hubaki kwenye nyasi kavu kwa miezi mingi na hata hupita tumboni mwa ng'ombe hadi kwenye samadi. Lipo jaribio rahisi. Katakata nyasi hizo, changanya na udongo kwenye makopo matatu, na kwenye makopo mengine matatu weka udongo mtupu. Panda maharage kote. Baada ya wiki mbili au tatu linganisha. Majani ya maharage yakijikunja kama kikombe au ncha zikisokotana kwenye makopo yenye nyasi, na kwingine hayako hivyo, nyasi hizo zisikaribie bustani.

*Maranda na vumbi la mbao.* Yanafaa njiani kati ya matuta. Kwenye tuta, yakichanganyika na udongo, vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ambayo mboga ilikuwa iitumie, na mimea hugeuka njano.

*Matandazo hai.* Ni mmea mfupi unaoachwa uote kati ya mistari ya mboga, kwa mfano klova nyeupe chini ya kabichi. Nitayarudia hapo chini.

Hatua ya 3: Andaa tuta

Ng'oa magugu yote siku kadhaa kabla, kwa sababu magugu hubeba vidukari na virusi, na yakifa ghafla siku ya kupanda wadudu huhamia kwenye miche. Lainisha udongo, vunja mabonge, toa mawe na vijiti. Uso wa tuta uwe sawa na ulioinuka kidogo katikati ili maji yasituame juu ya nailoni. Dimbwi la maji ya tope juu ya fedha likikauka huacha tope, na tope haliakisi kitu.

Weka samadi iliyoiva au mboji pamoja na mbolea ya kupandia sasa hivi, maana ukishafunika hutaweza kuchanganya tena. Tandaza mipira ya umwagiliaji wa matone, matundu yakitazama juu, kisha uifungulie maji uhakikishe kila tundu linatoa. Usiache zoezi hilo. Tundu lililoziba chini ya nailoni utaligundua mche ukishanyauka. Kama huna mipira, nyasi zitakufaa zaidi kuliko nailoni, kwa sababu mvua na maji ya ndoo hupita katikati yake.

Mwagilia tuta lote hadi liloe vizuri kabla ya kufunika. Nailoni juu ya udongo mkavu huhifadhi ukavu.

Hatua ya 4: Kutandika nailoni

Piga hesabu ya upana mapema. Tuta lenye uso wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 15 linahitaji sentimita 60 za juu, 15 kila ubavu, na angalau 15 kila upande za kufukia. Jumla ni sentimita 120. Nimeona watu wakinunua roli bila hesabu hii na kuishia kushikilia kingo kwa mawe. Upepo wa kwanza unaipeperusha, inapigapiga miche mpaka inakatika.

Tandika asubuhi kukiwa na jua kiasi na bila upepo. Chimba mtaro mdogo kandokando ya tuta, fukia ncha moja ya roli, kisha mtu mmoja avute mbele taratibu wakati wawili wanafukia kingo na kuzishindilia kwa miguu. Nailoni ibane juu ya udongo. Ikilegea inapasha hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo moto hutokea kwenye tundu la mche na kuuchoma shina. Lakini isivutwe sana pia, kwa kuwa usiku ukiwa wa baridi hujikunyata na kuchanika.

Tundu liwe dogo kadiri linavyoweza kupitisha mche na bonge lake la udongo. Kila sentimita unayoongeza ni sehemu isiyoakisi, na ni mlango wa magugu na wa mabuu kuingia ardhini. Kopo lenye kingo kali hukata mduara safi. Ukitumia kisu kata alama ya X. Baada ya kupanda, funika ukingo wa tundu kwa udongo kidogo ili hewa ya moto isitoke, na uhakikishe shina haligusi plastiki.

Jambo moja linaloharibu kazi yote: miche iliyotoka kitaluni ikiwa na wadudu. Fedha humzuia mdudu asitue. Akishakuwa juu ya jani, haimfukuzi. Kitalu kikuziwe chini ya wavu wenye matundu madogo, na kila mche ugeuzwe majani kabla ya kupandwa. Wenye vidukari au nzi weupe utengwe, hata kama unaonekana na afya.

Baada ya hapo tunza mng'ao. Usipitishe tope juu yake, na vumbi likikaa lisafishe kwa maji. Kadiri mimea inavyokua majani hufunika fedha, na yakifikia karibu asilimia 60 ya uso wa tandazo uwezo wa kufukuza wadudu huwa umekwisha. Kwa tango au boga hilo hutokea mapema. Kwa pilipili huchukua muda mrefu zaidi, na ndiyo sababu pilipili hunufaika sana. Usisikitike majani yakifunika. Mmea ulioambukizwa virusi ukiwa mkubwa hupoteza kidogo, ule ulioambukizwa ungali mdogo mara nyingi hauzai cha maana.

Hatua ya 5: Kutandika nyasi

Kwa miche iliyohamishwa kutoka kitaluni, tandika siku hiyo hiyo ya kupanda au kesho yake ikiwa lengo ni vidukari. Kwa mbegu zilizopandwa moja kwa moja, subiri miche ifikie kama sentimita 10, vinginevyo utaizika. Kwenye sehemu za baridi ngoja udongo upate joto kwanza, kwa sababu nyasi hupoza ardhi na mboga za joto kama nyanya na bamia zitadumaa.

Unene uwe kati ya sentimita 5 na 10. Ukiweka sentimita 8, kila mita ya mraba inahitaji lita 80 za nyasi zilizolegea. Tuta la mita 1 kwa 10 linakula lita 800. Usikusanye mfuko mmoja ukadhani utatosha. Baada ya mvua chache tandazo hushuka hadi nusu, kwa hiyo weka akiba ya kuongezea.

Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Nyasi zilizoegemea shina hulilowesha, huliozesha, na huwapa konokono na sota daraja la kufikia mmea. Funika njia kati ya matuta pia. Kidukari haangalii tuta peke yake, anaangalia eneo, na kipande cha udongo mtupu kila baada ya tuta hurudisha ile tofauti uliyotaka kuiondoa.

Nyasi hugeuka nyeusi zikioza na mng'ao wake hupotea. Kama mazao bado madogo, nyunyiza tabaka jembamba jipya juu.

Hatua ya 6: Matandazo hai, kwa wenye maji ya kutosha

Klova na mimea mingine mifupi chini ya kabichi hupunguza utagaji wa mayai ya nzi wa mizizi na idadi ya vidukari. Gharama yake ni ushindani: mmea wa chini unakunywa maji na kula mbolea ya mmea wako. Uchelewe kuupanda hadi kabichi ishike, acha ukanda mtupu wa kama sentimita 15 kuzunguka kila shina, na uufyeke kila unapokaribia nusu ya kimo cha mboga. Mahali maji yanapopatikana kwa shida, usijaribu.

Chagua mmea usio wa jamii ya mboga yako. Chini ya matango usiweke kitu cha jamii ya maboga.

Hatua ya 7: Kagua

Mara mbili kwa wiki, asubuhi mapema kabla wadudu hawajachangamka. Chagua mimea kama 20 kwa kupita shambani kwa mwendo wa zigizaga, si ile ya pembeni tu. Geuza majani matatu kwa kila mmea: moja la juu, moja la kati, moja la chini. Nzi weupe wakubwa hupenda majani machanga ya juu, na watoto wao waliojibana bila kutembea utawakuta kwenye majani ya chini. Kwa thiripi, weka karatasi nyeupe chini ya ua au chipukizi, ligongegonge kwa kidole, kisha tazama: vijiti vidogo vya njano au kahawia vinavyotembea ndio wao.

Mmea wenye majani ya ubatobato, au nyanya iliyojikunja na kudumaa (rasta, wengine huita), ung'oe siku hiyo hiyo uutoe shambani kwenye mfuko uliofungwa. Ukiuacha ndani ya shamba lenye nailoni nzuri ya fedha, vidukari na nzi wachache waliopenya wana chanzo cha virusi cha kusambaza mmea hadi mmea, na hapo nailoni haikusaidii.

Funua matandazo ya nyasi sehemu tano hivi. Ukiona mende weusi wanaokimbia na buibui, hiyo ni dalili njema. Usipulizie dawa kali ya kuua kila kitu, kwa sababu utaanza kuua walinzi. Ukiona viwavi wa rangi ya udongo wanaojikunja duara ukiwagusa, hao ni sota. Kwenye hali ya ukame, majani yenye madoadoa meupe na utando mwembamba chini yake yana utitiri. Huyo si mdudu, ana miguu minane, na matandazo humsumbua kwa njia ya mzunguko tu: yakizuia vumbi na mmea usipate kiu, yeye hastawi sana.

Wageni usiowataka

Sota wakionekana, vuta nyasi zikae mbali na miche kwa kiasi cha futi moja hadi shina likomae, na uwaokote jioni kwa tochi. Kipande cha karatasi ngumu kilichozungushiwa shina na kuzamishwa kidogo udongoni humzuia asilikate.

Konokono hupenda nyasi mbichi na mbao zilizolala chini. Tandika nyasi kavu tu, mwagilia asubuhi badala ya jioni ili uso ukauke kabla ya usiku, na laza ubao mmoja pembeni kama mtego: asubuhi ugeuze, wameshajikusanya. Kwenye mvua mfululizo punguza unene wa tandazo hadi sentimita 3 au 4.

Mchwa wakija kula mabua makavu, usikimbilie dawa kabla hujaangalia kama wanagusa mimea. Mara nyingi wanashughulika na kilichokufa na kuuacha mmea wenye maji ya kutosha. Wakianza kupanda kwenye mashina, ondoa mabua karibu na mimea na uongeze maji. Wale kunguni wa maboga, wanaojificha chini ya majani makavu na kunuka ukiwaponda, huongezeka kwenye nyasi nene. Ukiwa nao kwa wingi, maboga yasitandikwe nyasi.

Baada ya mavuno

Nyasi zilizobaki zichanganywe na udongo au zipelekwe kwenye mboji, isipokuwa mazao yalikuwa na ugonjwa mzito au sota wengi. Hapo zitoe kabisa na uziozeshe kwenye lundo linalopata joto.

Nailoni isilimwe ndani ya udongo na isichomwe moto. Vipande hubaki ardhini miaka na moshi wake ni sumu. Kata mashina usawa wa tundu, vuta mipira ya maji, kisha fukua kingo kwa reki na uinue nailoni ikiwa kavu, maana ikiloa hubeba udongo mzito na kuchanika. Ikiwa bado nzima na inang'aa, unaweza kupanda zao la pili la jamii tofauti kwenye matundu yale yale bila kuifumua. Kabla hujaamua, ipanguse sehemu moja kwa kitambaa chenye maji. Ikirudi kung'aa, inafaa. Ikibaki kijivu kilichofifia, itumie msimu ujao kwa ajili ya magugu tu, na wadudu uwatafutie tandazo jipya.